Hodi ya Tatu

Jumanne, saa moja kasoro robo asubuhi, Tunu aliingia chumbani kwa baba yake na kikombe cha chai isiyo na sukari, akakuta kitanda kimetandikwa na kandambili hazipo. Sindano ilikuwa juu ya sahani, imefunikwa kwa kawa. Chupa ya dawa ilikuwa bado ndani ya mtungi wa mchanga mbichi, kwa sababu nyumba ile haikuwa na friji. Mzee Jabiri alikuwa ametoka bila kuchomwa.

Hakuwa mtu wa kutoroka. Alikuwa seremala aliyeiacha kazi baada ya macho kuchoka, na tangu mwaka juzi alikuwa anasahau. Alianza kusahau majina, zikafuata njia, ikafuata habari kwamba alishaacha kazi. Kuna siku aliamka akaulizia randa yake. Daktari wa zahanati alimwambia Tunu bila kuzunguka: sindano moja ikipita mzee atachoka, ya pili ikipita atalegea, ya tatu isipite. Alikuwa anachomwa asubuhi na jioni. Kwa hiyo walikuwa na mpaka kesho asubuhi.

Anwar, mdogo wake Tunu, aliwasha pikipiki akaenda Keko, kwenye karakana ambako mzee alifanya kazi miaka thelathini. Mama yao, Mwanakombo, hakujua kusoma. Tunu akabaki nyumbani na simu, aandike kwenye jukwaa la mtaa, apokee majibu, kisha ampigie Anwar kumwambia aelekee wapi. Ulikuwa mpango mzuri. Watu mia tatu na kumi na wawili walikuwa kwenye jukwaa lile, na kati yao kulikuwa na madereva, makarani, mama lishe, watu wanaoamka mapema na kuzagaa mji mzima. Lazima mmoja angekuwa amemuona.

Jukwaa liliitwa Sauti ya Wakazi wa Mkorosho Mmoja, ambao ni mtaa ulioko ukishaipita Mbagala. Lilianzishwa na Mwalimu Godlisten, mwalimu mstaafu, na msimamizi alikuwa yeye. Alikuwa ametunga kanuni kumi na moja za adabu ya kujibu, akazibandika juu kabisa ya jukwaa. Salamu kwanza. Soma kabla ya kujibu. Usitoke nje ya mada. Usirudie alichosema mwenzako. Kama huna jibu, nyamaza. Na nyingine. Siku alipozibandika watu walimsifu hadi jioni, na mtu mmoja alisema kanuni kama hizo zingefaa nchi nzima. Ila simu ilionyesha kanuni ya kwanza tu, na ili kuona ya pili ilibidi ubonyeze pa kusomea zaidi. Hakuna aliyebonyeza. Kwa hiyo watu wote wa Mkorosho Mmoja waliijua kanuni ya salamu, na waliisimamia kwa ukali.

Tangu mnara wa simu usimamishwe nyuma ya kisima, majibu ya jukwaani yalikuwa yanakuja kwa miguu. Mtu akiuliza jambo, majibu yalimfuata nyumbani kwake. Sokoni watu waliyaongelea kama wanavyowaongelea kunguru, kwamba yanachafua, na kwamba mwaka huu yamezidi. Jibu lilifanana na mwandishi wake na lilivaa alichokuwa amevaa wakati anaandika, ndiyo maana mtaa mzima ulishajua nani hujibu akiwa kitandani na nani hujibu akiwa chooni. Tofauti ilikuwa kwenye mikono. Majibu yalikuwa na vidole gumba tu, viwili, kimoja kila upande, kwa kuwa ndivyo yalivyoandikiwa. Hayakuweza kushika kikombe, wala kufunga mlango, wala kumshika mtu mkono.

Kitu kingine, hayakupiga hodi. Waandishi wenyewe walikuwa na malezi. Majirani kama Gaudens, Blessing, Stanley, hata Mwalimu, wakifika kwako kwa miili yao husimama getini wakaita hodi. Wasipoitikiwa huita ya pili, wakangoja. Wakakaa kidogo, wakaita ya tatu. Kimya kikiendelea huondoka, wakarudi siku nyingine, na hawachungulii dirishani. Hivyo ndivyo walivyofundishwa, Mzaramo na Mhaya na Mchaga, kila mmoja na bibi yake. Majibu yao yalipita moja kwa moja hadi sebuleni na viatu.

Saa moja na dakika ishirini Tunu aliandika. Baba yangu mzee Jabiri ametoka nyumbani alfajiri. Ana kisukari na hajachomwa sindano. Anasahau. Amevaa shati la kijani la mikono mirefu na kandambili. Aliyemuona aniambie yuko wapi.

Jibu la kwanza lilikuwa la Mwalimu Godlisten. Liliingia limevaa tai juu na bukta chini, likasimama katikati ya ua.

"Binti Jabiri," likasema, "kwanza salamu."

Kisha likaenda kukaa kwenye kiti cha mninga cha mzee Jabiri, ambacho mzee alikichonga mwenyewe na hakuna mwingine aliyekikalia.

Tunu aliliamkia shikamoo, kwa sababu hata jibu la mwalimu ni la mwalimu, akafuta alichoandika, akaanza upya. Habari za asubuhi wanajukwaa. Baba yangu mzee Jabiri ametoka nyumbani alfajiri. Majibu hamsini na mawili yalifuata, na yote yalijibu salamu. Yaliingia kwa mstari kama watu wa ibada ya pili. Nzuri. Salama. Nzuri sijui kwako. Njema kabisa dada. Kila moja likisema lake likatafuta pa kukaa, na hakuna lililotoka, kwa maana majibu yakishafika hayana kwingine pa kwenda mpaka aulize mtu mwingine.

Mwanakombo alipoona ua umejaa alifunga kanga vizuri, akaingia jikoni. Alitoa mikeka mitatu, akamtuma Tunu kwa jirani aazime mingine miwili. Tunu akamwambia mama, hawa si watu, na mzee hajapatikana. Mwanakombo akasema hilo analijua. Akasema vilevile kwamba yeye ameolewa kwenye nyumba hii miaka arobaini na haijatokea mgeni akakaa chini kwenye mchanga.

"Mgeni ni mgeni, mwanangu. Hata kama hana vidole."

Wakayanywesha maji. Kwa kuwa hayakuweza kushika kikombe, ilibidi wayashikie mdomoni, moja baada ya jingine.

Saa mbili lilifika jibu la Gaudens, limevaa taulo. Lilisema kwamba kwao Bukoba mzee wa namna hiyo haachwi peke yake hata dakika, na kwamba watoto wa pwani ndivyo walivyo. Jibu la Blessing lilisema Mungu atatenda, likawa na mishumaa mitatu inayowaka kichwani, likawa linadondosha nta kwenye mkeka wa kuazima. Jibu moja liliuliza mzee ana miaka mingapi. Tunu akasema sabini na mitatu. Likauliza ana watoto wangapi. Wawili. Likauliza aligombana na nani. Hakugombana na mtu. Likasema "sawa" likajilaza.

Yalifika pia majibu ya kutumiwatumiwa, yale ambayo mtu hakuyaandika, aliyapokea kwingine akayasukuma mbele. Hayo yalikuwa hayana nyuso. Yalikuwa yamepita kwa watu wengi mno hata pua na macho vilikuwa vimelika, kama mche wa sabuni ya kufulia unapobaki kipande. Moja lilieleza hatari ya kunywa maji ya baridi baada ya chakula. Jingine lilimtaka Tunu alipeleke kwa watu kumi na watano kabla ya Ijumaa. Lilipoambiwa kwamba mtu amepotea, lilisema ndiyo maana, na likarudia kuanzia mwanzo.

Jibu moja liliuliza kama shati la kijani maana yake mzee ni Yanga. Kuanzia hapo majibu thelathini na manne yalishughulikia mechi ya Jumamosi. Yalisimama ukutani yakinyoosheana vidole gumba. Mawili yalisukumana, yakaangusha beseni la unga uliokuwa umeanikwa, nayo hayakuokota, kwani yangeokota na nini.

Tunu alikuwa mvumilivu. Alikuwa fundi nguo, na kushona alijifunza kwa kukaa miaka miwili kwenye kibaraza cha fundi mwingine akitazama mikono, bila kugusa cherehani. Hakusoma zaidi ya darasa la saba na hakuwa na haraka ya kuonekana anajua. Aliona kwamba kati ya majibu haya moja laweza kuwa ndilo, na kwamba njia ya kulijua ni kulisikiliza kila moja. Akawa anapita mkeka kwa mkeka. Anainama, anauliza, umemuona baba? Kila jibu lilisema hapana. Na baada ya hapana kila jibu lilisema ila. Asubuhi yote ya Jumanne ilipitia kwenye hizo ila.

Kule Keko, Anwar alikuwa ameshauliza karakana zote. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake kwenye kivuli cha ukuta, simu mkononi, akingoja dada yake apige.

Saa nne na robo lilifika jibu la Albano.

Albano alikuwa mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka kwa mzee Jabiri, mtu wa Ndanda, karani wa geti kwenye yadi moja ya makontena huko Kurasini. Pale yadi simu ziliwekwa kwenye sanduku la mlinzi, na karani alipewa yake dakika kumi tu wakati wa chai. Albano alizitumia dakika zake kusoma. Alisoma alichoandika Tunu, kisha akasoma majibu yote yaliyotangulia ili asirudie kitu ambacho mwenzake ameshakisema. Hiyo ilikula dakika nane. Mbili zilizobaki aliandika. Hakuandika kwa vidole gumba. Aliandika kwa kidole cha shahada, herufi moja moja, kwa kuwa hakuwa na mazoea.

Jibu lake lilitembea kutoka Kurasini hadi Mkorosho Mmoja. Lilikuwa limevaa koti la njano la kung'aa la watu wa yadi na mgongo wake ulikuwa umelowa jasho. Lilipofika halikuingia. Lilisimama nje ya geti lililokuwa wazi, likavua kofia, likaita.

"Hodi hapa."

Ndani majibu ya mpira yalikuwa yanajadili penalti. Jibu la Blessing lilikuwa limeanza kuimba. Tunu alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka wa nne, anauliza, na Mwanakombo alikuwa jikoni anachemsha maji mengine.

Jibu la Albano lilingoja kama inavyotakiwa. Likaita ya pili, kwa sauti ileile, kwani si adabu kupandisha sauti kwenye geti la mtu. Likangoja tena. Jibu moja la kutumiwatumiwa likalipita ubavuni likaingia ndani bila kuligusa. Likaita ya tatu. Likatazama chini, kisha likageuka likaondoka, likiwa na nia ya kurudi siku nyingine.

Lilichokuwa limebeba kilikuwa kifupi. Kwamba mzee Jabiri yuko Kurasini nyuma ya yadi, amekaa juu ya rundo la mbao za kupangia mizigo. Kwamba Albano amempa maji. Kutoka Keko alikokuwa Anwar mpaka hapo ni dakika kumi kwa pikipiki, na msongamano ukiwepo, kumi na tano.

Kwenye simu pia lilikuwepo. Lilikuwa la tisini na saba, baada ya tusi la mpira na kabla ya tangazo la sabuni ya maji. Tunu hakuwa anaitazama simu saa hiyo, alikuwa ameshika kikombe.

Saa sita ua ulikuwa hauna nafasi ya kupitisha mguu. Majibu mengine yalikuwa juu ya ukuta. Moja lilisema kuna makosa ya uandishi kwenye ujumbe wa Tunu na kwamba elimu ya siku hizi imeshuka. Moja, la Bupe, lilisema watu wapunguze kuandika, wenzao wana bando dogo, na lilisema hivyo mara nne. Moja lilisema huyu dada anaringa, anaomba msaada halafu hajibu watu. Hilo lilipata vidole gumba kumi na tisa hapohapo, vikiwa vimenyooka juu kuuzunguka ua wote.

Tunu akapanda juu ya ndoo. Hakupiga kelele.

"Nyie mlioko humu ndani. Nani amemuona baba yangu?"

Yakatazamana. Yakalitazama jibu la Gaudens, ambalo ndilo lililokuwa karibu.

"Dada, sie tunachangia mada," likasema.

Likavuta taulo kwa vidole gumba, na mazungumzo yakaendelea.

Saa kumi na moja jioni Mwalimu Godlisten aliifunga mada. Jibu lake lilinyanyuka kutoka kwenye kiti cha mninga, likakohoa, likasema mjadala umekuwa mzuri na wenye afya, kwamba wanajukwaa wamejifunza mambo matatu, kwanza umuhimu wa salamu, na kwamba hayo mengine mawili atayaleta baadaye. Kisha, kule simuni, Mwalimu akaifuta mada yote kuanzia juu mpaka chini ili jukwaa libaki safi. Majibu mia mbili na sitini na tatu yakainuka kwa pamoja yakahamia kwa mama mmoja wa mtaa wa juu aliyekuwa ameuliza bei ya kuku wa kisasa. Hakuna lililosema kwaheri.

Saa kumi na mbili Albano alitoka zamu. Alipita nyuma ya yadi akakuta mbao hazina mtu. Akachukua simu yake kwenye sanduku, akaona mada imefungwa na kufutwa. Mada ikifungwa maana yake jambo limekwisha. Akamshukuru Mungu, akaenda nyumbani, na kwa kuwa aliona taa imewaka kwa mzee Jabiri hakutaka kusumbua watu waliochoka.

Sindano ya jioni ilipita. Ya asubuhi ya Jumatano ikapita. Tunu na Anwar walizunguka vituo vya polisi na hospitali, mmoja mbele mwingine nyuma kwenye pikipiki, chupa ya dawa ikiwa ndani ya kitambaa kibichi mapajani mwa Tunu. Alhamisi saa tano walimkuta. Alikuwa mochwari, kwenye droo ya chini, ameandikwa mwanaume asiyejulikana. Askari wa doria walimwokota Jumatano asubuhi kwenye majani karibu na Mtoni, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Alikuwa ameelekea upande wa Mbagala. Alikuwa anarudi nyumbani.

Kwenye mfuko wa shati lake la kijani mlikuwa na kipande cha mbao ya msonobari, kirefu kama kidole, kilichokwanguliwa kwa kucha mpaka kikawa laini. Tunu alikinusa. Alijua msonobari, ila hakujua baba yake ameutoa wapi.

Walimzika Ijumaa baada ya sala. Mwalimu Godlisten ndiye aliyetangaza jukwaani, kwa salamu kwanza, na majibu mia tatu yalifika kabla maiti haijaoshwa. Yote yalisema pole. Yalikaa mikeka ya mbele. Watu waliokuja na miili yao walikuwa kumi na mmoja, wakasimama nyuma, maana mbele palikuwa pamejaa. Mengine yalikuja na mawaridi yanayometameta usoni. Moja lilisema pole sana kwa kufiwa na mama. Jibu la Gaudens, safari hii limevaa suruali, lilisema lilishaonya.

Jeneza lilipotoka majibu yalijipanga pande zote za njia. Lilipopita yaligusa kitambaa kwa vidole gumba, yakarudi kukaa, yakahesabu kwamba yamebeba. Waliobeba walikuwa tisa, kwa sababu kati ya wale kumi na mmoja wawili walikuwa wazee, rika la marehemu. Tisa ni wachache kwa mwendo wa kwenda makaburini, kwani wabebaji hupokezana, na hapakuwa na wa kupokea. Waliubadilisha mzigo mara tatu kwa kuhama tu bega la kulia kwenda la kushoto.

Albano alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Waliporudi alimpa Tunu mkono, akasema pole, dada Tunu, mzee alikuwa mtu wa watu. Akabaki amesimama, akimtazama kama mtu anayengoja aambiwe jambo, kwa mfano kwa nini walichelewa. Kisha akaona si adabu kumuuliza mfiwa, akarudi kukusanya majembe. Tunu aliona vile alivyotazama. Akadhani ni uchungu.

Majibu yalikaa msibani siku tatu. Mwanakombo, akiwa amekaa ndani na kaniki yake, aliuliza kila jioni kama wageni wamepewa maji. Yalipewa, na Tunu ndiye aliyeyashikia vikombe.

Jumapili ndiyo ilikuwa khitma. Saa tisa alasiri, shehe akiwa katikati ya dua, Stanley wa nyumba ya jirani aliandika jukwaani kwamba choo chake kimeziba na kinafurika mpaka sebuleni, nani ana namba ya mzibuaji. Majibu mia tatu yakasimama. Yakavuka mikeka, yakakanyaga sinia la kashata, yakapita mbele ya shehe na mbele ya mlango wa mjane, mengine yakikata njia juu ya ukuta. Shehe alingoja mpaka vumbi likatulia, kisha akaendelea pale alipoishia.

Dua ilipokwisha na watu wachache waliobaki walipoaga, ua ukawa kimya kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Tunu alikunja mikeka. Aliupangusa ule wenye nta. Alikisogeza kiti cha mninga kivulini.

"Hodi hapa."

Ilikuwa sauti ya chini, lakini ilisikika hadi jikoni.

"Karibu," Tunu akasema.

Jibu la Albano likaingia. Lilivua viatu kwenye kizingiti likavipanga upande. Koti lake la njano lilikuwa bado limelowa jasho la saa nne ya Jumanne. Lilimwamkia Mwanakombo shikamoo mama, naye akaitika marahaba kutoka ndani, akauliza ni nani, akaambiwa ni mgeni kutoka kwa Albano, akasema akaribishwe akae. Likasema halitakaa, kwa sababu jambo lenyewe ni la haraka.

"Dada Tunu, samahani kwa usumbufu. Mzee yuko hapa Kurasini, nyuma ya yadi, amekaa juu ya mbao za msonobari. Nimempa maji. Anasema anangoja watoto wake waje wamchukue. Njooni kabla ya saa nane, baada ya hapo walinzi watamwondoa."

Lilinyoosha mkono wake wa kulia. Ulikuwa na kidole kimoja, cha shahada, nacho kilionyesha upande wa bandarini.

Tunu alitazama kinakoonyesha. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni, umekishika kile kipande cha mbao.

"Alisema anatungoja?"

"Ndiyo, dada. Ametulia tu. Anazigongagonga zile mbao, anasema zimepigiliwa vibaya."

Mwanakombo aliuliza kutoka ndani mgeni amesema nini. Tunu akamwambia analeta salamu za baba. Mwanakombo akasema alhamdulillahi, apewe maji.

Tunu akachota maji. Jibu lilikipitisha kidole kwenye mshikio wa kikombe, likakishika lenyewe, likanywa, likakirudisha kwa mkono wa kulia. Likashukuru. Likauliza kama limwambie Albano kwamba wanakuja.

"Mwambie ahsante," Tunu akasema. "Mwambie tumeshampata."

Likafurahi. Likavaa viatu vyake, likasema kwaherini, likatoka kinyumenyume mpaka getini, kisha likalirudishia geti kwa kile kidole kimoja.

Ng'ambo ya ukuta maji yalikuwa yanasikika yakimwagika kizingitini kwa Stanley. Majibu yalikuwa yamejaa mpaka juu ya bati. Stanley alikuwa amesimama katikati na ufagio, suruali ameikunja magotini, akiuliza nani ana hiyo namba. Halafu jibu la Mwalimu Godlisten likapata pa kusimama pakavu, likakohoa, likamwambia kwanza salamu.